Shangazi, nimeomba uraia wa Ujerumani majibu hayatoki, na mimi nimesimamisha maisha yangu yote

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimetoka shifti ya jioni usingizi umekataa nikasema ngoja niandike tu. Jina usiweke, na mji ninaoishi usiutaje maana Watanzania wa huku tunajuana wote, ukisema tu nesi wa Tanga wa mji fulani watu wanaanza kuulizana kwenye magrupu.

Nina miaka 33, kwetu Muheza. Ujerumani nilikuja 2017 kwa mkataba wa kulea watoto wa familia moja, ukaisha nikafanya mwaka wa kujitolea kwenye nyumba ya wazee, halafu nikasomea unesi wao miaka mitatu, na tangu nimalize niko kampuni moja ya kuhudumia wazee majumbani. Yaani nazunguka na gari la kazini nyumba kwa nyumba, huyu sindano ya sukari, yule kumvisha soksi za kubana miguu, mwingine anataka tu mtu wa kumsikiliza. Kazi naipenda. Kibali cha kudumu ninacho tangu mwishoni mwa 2024.

Ile sheria yao mpya ya uraia ilivyoanza mwezi wa sita 2024, ya miaka 5 badala ya 8, mimi Julai nimeshapeleka ombi. Kila kitu kilikuwepo, cheti cha Kijerumani, mtihani wa uraia ule wa maswali 33 (unatakiwa upate 17 mimi nilipata 31 Shangazi, nilisoma kama nafanya fomu foo), mkataba wa kazi, slipu za mshahara, cheti cha kuzaliwa kimetafsiriwa na mtafsiri wa kiapo. Ada euro 255 nikalipa. Ikaja barua kwamba tumepokea, namba ya faili hii hapa, basi. Mwaka jana wakaandika emeili wanataka slipu mpya kwa sababu zile za mwanzo zimeshakuwa za zamani (si mmezikalia nyie wenyewe?), nikatuma siku hiyohiyo, kimya mpaka leo. Nikiwaandikia linarudi jibu la mashine kwamba kutokana na wingi wa maombi tunaomba usiulize hali ya ombi lako. Simu haipokelewi. Sasa tunaelekea mwaka wa pili.

Shangazi naomba usiniambie subira yavuta heri, hiyo nimeambiwa na kila mtu mpaka mama mwenye nyumba.

Shida sio kungoja tu, shida ni nilivyokuwa. Huku barua za serikali zinakuja kwa posta, kwa hiyo kila nikirudi kitu cha kwanza kabla hata sijapanda ngazi ni sanduku la barua. Kuna siku nikakuta bahasha ya njano, hizi za njano ni za mambo rasmi kabisa, posta anaandika mpaka tarehe aliyoleta. Mikono ilitetemeka nikaifungulia palepale kwenye korido na koti sijavua. Kumbe faini ya mwendo kasi ya gari la kazini! Badala ya kucheka nikaanza kuogopa kwamba hiyo faini ndo itaniharibia uraia, sikulala siku mbili.

Bibi yangu aliyenilea alifariki, mazishi sikuwahi, nikasema basi arobaini nitaenda. Sikwenda. Niliogopa wasije wakaniandikia wanataka karatasi ndani ya wiki mbili wakati mimi niko Muheza. Hawakuandika kitu. Hilo nalibeba mpaka sasa.

Halafu kuna mchumba wangu, kijana wa Mombasa, injinia, yuko Leipzig. Kwao wameshaleta posa na baba kapokea. Nimepata nafasi ya kazi hukohuko Leipzig ya kusimamia timu, mshahara umepanda vizuri, lakini nimeambiwa ukihama mji faili linahama na wewe na unaanza foleni upya. Nimewaambia nipeni muda, mwisho wao wa kungoja ni mwezi ujao. Ndoa nayo nimeisogeza kwa sababu rafiki yangu aliniambia ukishaomba usibadilishe kitu chochote, wala hali ya ndoa. Mchumba anasema, "Sasa mimi nakuoa wewe ama namuoa ofisa?" Alisema kwa utani lakini mara ya mwisho hakucheka. Yeye hili la uraia haelewi uzito wake maana Kenya tangu katiba ya 2010 wanaruhusiwa kuwa na mbili, akitaka ya Kijerumani anaongeza tu. Mimi nikipata hii ya Tanzania imekwenda.

Na baba hajui kama nimeomba.

Kazini wananiambia washtaki, kuna kesi ya hivyo, wengi wanafanya. Mimi nikifikiria kumpeleka serikali ya watu mahakamani natetemeka, nisije nikawaudhi wakanikatalia moja kwa moja. Kuna dada Mkenya tulisoma naye unesi, aliomba baada yangu kwenye mji mwingine, kashapata, kanitumia picha ameishika ile karatasi. Nikamwandikia hongera na maua, halafu nikaenda chooni kulia. Mimi sikuwa mtu wa hivyo Shangazi.

Pasipoti yangu ya Tanzania inaisha karibuni, hata sijui nihangaike kuireneu au niache, si nitapata nyingine. Nifanye nini? Nihame au nisihame, nishtaki au ninyamaze?

Mwanao, Ughaibuni

—

Marahaba mwanangu. Na pole na bibi, naanza na hilo kwa sababu wewe umeliweka katikati ya habari za karatasi, mistari michache ukapita.

Nimeisoma barua yako nikaweka simu chini, nikaenda kupika, nikarudi nikaisoma tena. Subira sitakutajia, nimeonywa. Na mimi sio wakili, kwa hiyo ya sheria nitakayosema hapa yachukue ukayapeleke kwa mtu anayekaa na sheria hizo kila siku. Huko Ujerumani kuna ushauri wa bure kwa wahamiaji unaotolewa na mashirika ya misaada, Caritas wanao, Diakonie wanao, AWO na Msalaba Mwekundu pia wanao, hawaulizi dini yako wala hawakulipishi. Sijaona kwenye barua yako kama umewahi kuingia hata mlango mmoja wa hao. Umeongea na rafiki, na wa kazini, na grupu, na mama mwenye nyumba.

Sasa ninavyokuelewa ni hivi. Uliomba kitu unachostahili, umetimiza kila walichotaka, na aliyetakiwa kukujibu kakaa kimya. Ule ukimya umekuingia mpaka kwenye mambo ambayo hayakuwa yake: kazi, ndoa, msiba, urafiki, usingizi. Umekaa kama abiria aliyepanda basi pale Mbezi, dereva haonekani, na yeye hashuki hata kununua maji asije akaachwa, jua limepanda limeshuka yuko kwenye kiti kabana begi miguuni.

Nianze na ofisi yenyewe. Najua usiku akili inakwambia labda kuna kitu wamekiona kwangu, labda jina, labda hiyo faini. Mwaka 2023 Ujerumani ilitoa uraia kwa watu kama laki mbili hivi, 2024 wakafika karibu laki mbili na elfu tisini na mbili, haijawahi kutokea. Na hao ni waliopata, nyuma yao kuna waliopeleka maombi baada ya ule mlango wa Juni 2024 kufunguliwa, wakiwemo Waturuki waliokaa huko miaka thelathini wakikataa kuomba kwa sababu zamani walilazimishwa kuacha uraia wa kwao. Wewe ulipeleka Julai, mwezi uleule ambao kila mtu alipeleka! Halafu kila mji au wilaya ina ofisi yake, wafanyakazi wake, na mrundikano wake, ndo maana yule dada Mkenya aliomba baada yako akakupita. Wala hakukupita, alikuwa kwenye foleni nyingine kabisa. Wivu uliousikia usiuogope sana, umechoka tu, na mtu aliyechoka anaumizwa na furaha ya wenzie. Ila mpigie siku moja umwambie ukweli kwamba siku ile ulilia. Nahisi atakuelewa kuliko unavyodhani, maana na yeye kangoja.

Faini ya mwendo kasi ni kosa la barabarani la kiutawala, sio jinai, kwa kawaida haina kazi kwenye uraia. Lipa ukalale.

Sasa nikuulize swali ambalo labda halijaulizwa na mtu. Hiyo karatasi ikija kesho asubuhi, ni kitu gani hasa kitabadilika? Chukua kalamu uandike kweli. Mimi nimejaribu kukuandikia kwa kutumia barua yako nikapata haya: utapiga kura. Utakuwa na pasipoti ya kusafiria nchi nyingi bila kuhangaikia viza. Na utaweza kwenda kukaa nyumbani muda wowote unaotaka, maana kibali chako cha sasa ukitoka Ujerumani zaidi ya miezi 6 bila ruhusa yao kinakufa, na wazazi wanazeeka. Hayo ni makubwa sijayadharau, hasa la mwisho. Lakini kazi ya Leipzig haimo, kibali cha kudumu kinakuruhusu kufanya kazi mji wowote. Kuolewa hakumo. Kwenda kusoma hitma ya bibi yako hakumo. Hivyo umeviweka wewe mwenyewe chini ya ile karatasi, kwa hofu, na sikulaumu, hofu ya mgeni kwenye nchi ya watu naijua inavyofanya kazi, unajifunza kutojongea ili usionekane. Ila ni vizuri ukajua kipi kimefungwa na ofisi na kipi umekifunga kwa mkono wako.

Haya, Leipzig. Uliyoambiwa yana ukweli. Uraia unashughulikiwa na ofisi ya mahali unapoishi, ukihama faili linafuata, na ofisi mpya inaweza kuanza kulisoma mwanzo. Kuna nafasi kwenye sheria yao kwamba ofisi ya zamani imalizie ilichokianza kama ile mpya ikikubali, lakini hiyo ni hiari yao sio haki yako, kwa hiyo usiihesabu mpaka uwe nayo kwa maandishi. Kuna na jingine ambalo hukulitaja: kazi mpya huko kwa kawaida ina kipindi cha majaribio, mara nyingi miezi 6, na kuna maofisa wanaopenda kuona kipindi hicho kimepita kwanza ndo waamini kwamba kipato chako ni cha kudumu. Kwa hiyo ukihama unaweza ukarudi nyuma, hilo liko wazi.

Ukibaki napo kuna gharama, ila hii hakuna ofisi inayokuandikia risiti. Kazi inaondoka. Huyu kijana anazidi kunyamaza. Na hakuna aliyekuahidi kwamba ukibaki itatoka mwaka huu, umengoja kwa utiifu karibu miaka miwili na hukuambiwa hata faili liko meza gani. Kabla ya kuamua ningependa ujue mambo mawili: ofisi ya Leipzig sa hivi inachukua muda gani, na kwako faili limefika wapi. La kwanza wale wa ushauri wa bure wanaweza kujua au wakakuulizia. La pili unayo haki ya kuomba kuona faili lako mwenyewe, na ikiandikwa na wakili huwa inajibiwa haraka kuliko emeili yako. Kama limebaki la kusainiwa tu, kuhama mwezi ujao ni hasara ya bure, bora uwaombe Leipzig wakusogezee tarehe ya kuanza. Kama halijafunguliwa kabisa, basi unalilinda la nini?

Tuje kwenye kesi. Wajerumani wanaiita Untätigkeitsklage, unaenda mahakama ya mambo ya utawala unasema nimeomba, miezi 3 imepita, hamna jibu na hamna sababu ya maana. Wewe miezi 3 umeshaipita zamani. Nilichokiona kwenye barua yako ni kwamba unaifikiria hiyo kesi kama ugomvi, kama kumtukana mkubwa mbele za watu. Nadhani hapo umebeba Muheza ukaipeleka Ujerumani, kwetu ukimpeleka mtu mahakamani mmeshamaliza undugu. Huko ofisi za serikali zinashtakiwa kila siku na ofisa anayepokea hiyo barua anaiweka kwenye trei na nyingine, hana muda wa kukuchukia. Na hawezi kukukatalia kwa hasira, lazima aandike sababu ya kisheria, na hiyo sababu nayo unaweza kuipinga.

Lakini wanaokuambia washtaki tu, kirahisi hivyo, wamekuficha nusu ya habari. Mahakama inawalazimisha waamue, haiwalazimishi wakubali, kwa hiyo kama kuna kakaratasi kamepungua utajikuta unaamuliwa na mapungufu yako. Ada ya mahakama ni euro mia nane na ushee, unalipa mwanzoni, na wakili juu yake. Ukishinda au wakiamua baada ya wewe kushtaki, na ulikuwa na haki ya kutegemea jibu kabla, gharama kwa kawaida zinawarudia wao. Jaji pia anaweza kuwapa muda zaidi akiona wana sababu, ingawa kusema tu kwamba wafanyakazi wachache miaka nenda rudi mara nyingi haikubaliki kuwa sababu. Na kabla ya kufika huko kuna hatua ya katikati ambayo watu wanairuka: barua ya kistaarabu yenye namba ya faili, inayosema ombi limekamilika tangu tarehe fulani, naomba uamuzi kabla ya tarehe fulani, la sivyo nitaenda mahakamani. Wakati mwingine hiyo pekee inalitoa faili chini ya rundo. Na sio emeili mwanangu, barua ya posta ya kuandikishwa, ubaki na risiti.

Ukishtaki na kuhama kwa pamoja utayachanganya, maana kesi ni dhidi ya ofisi ya unapoishi. Hilo mweleze wakili siku ya kwanza kabisa.

Rafiki aliyekwambia usibadilishe chochote alikuwa na nia njema. Kilicho kweli ni kwamba mabadiliko lazima uyatoe taarifa: umeolewa unasema, umehama unasema, umebadilisha kazi unasema. Kuficha ndo kosa. Kuolewa kwenyewe sio kosa, wataangalia mnaishi kwa kipato chenu bila msaada wa serikali, nesi na injinia sidhani kama hapo pana tatizo. Na nikuambie kitu ambacho pengine hukijui: kwa miaka uliyokaa kihalali na kibali cha kudumu ulichonacho, ukijaliwa mtoto akizaliwa hukohuko kwa sheria yao anazaliwa Mjerumani, bila fomu ya maswali 33. Unaweza kuwa mama wa Mjerumani wakati wewe bado unachungulia sanduku la barua! Sisemi uzae kwa ajili hiyo (isije ikasomwa Shangazi kasema), nasema umri wako na ndoa yako havina sababu ya kisheria ya kukaa foleni.

Mchumba wako mwambie ulivyoniambia mimi, usimwambie tu "ngoja kwanza". Ile ya kuoa ofisa ilikuwa utani wa mtu anayeumia. Yeye kwao anaongeza, wewe unatoa, kwa hiyo mnalitazama jambo moja kutoka pande mbili, na kama hujamkalisha chini ukamweleza kwamba ukiapa pale Utanzania unakatika siku hiyohiyo, atadhani ni woga wa makaratasi tu.

Hapa sasa ndo nilipokuwa nataka kufika. "Na baba hajui kama nimeomba." Sentensi moja, umeiweka peke yake, halafu ukakimbilia kazini wanavyosema. Hukusema kwa nini hajui. Mimi nimekulia Tanga, nakisia. Wazee wetu Ujerumani kwao haianzii na unesi, inaanzia na hamsa ishirini, viboko ishirini na tano alivyochapwa babu wa babu kwenye mashamba ya mkonge na kwenye boma, na bado wanasimulia wanacheka huku hawacheki. Sijui kama baba yako ni wa hivyo. Labda hofu yako ni nyingine, kwamba atasema umeikana nchi, au kwamba umeamua hurudi tena. Ila naomba ujiulize kwa upole, na jibu usinitumie kama hutaki: huu ukimya wa ofisi, ambao umekunyima usingizi, je hakuna mahali padogo unakusaidia? Kwa sababu wakijibu kesho itabidi uongee na baba kesho. Naweza kuwa nimekosea. Lakini nimeona wengi wanaolilia jambo lije haraka na huku wanaliogopa, na kungoja kunakuwa kuzito mara mbili kwa sababu hiyo.

Hata ukiweka moyo pembeni kuna mambo ya kuongea naye. Sheria yetu ya uraia ya 1995 ukiwa mtu mzima ukachukua uraia mwingine kwa hiari yako, wa kwetu unakoma. Wapo wanaobaki na pasipoti zote mbili kimyakimya, unawajua na mimi nawajua, wanaishi kwa roho juu kila wakifika dirisha la Uhamiaji, siwezi kukushauri hayo. Na ardhi: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia kumiliki isipokuwa kwa uwekezaji. Kama una kiwanja kwa jina lako, au baba anafikiria kuwagawia shamba, ni vizuri hayo yakazungumzwa na wakili wa huku wakati bado ni raia. Serikali imeleta huo utaratibu wa hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walioko nje, uusome wenyewe ulivyoandikwa unakupa nini kwenye ardhi na hauku­pi nini, kura kwa mfano haimo, usitegemee sauti za WhatsApp. Kuandika kwa jina la kaka inafanyika sana, na baadhi ya kaka wameuza.

Namna ya kumwambia unaijua wewe, mimi simjui. Wengine wanaanza na mama. Wengine wanasubiri wafike nyumbani ana kwa ana, na hilo linanirudisha kwa bibi. Arobaini imepita lakini hitma haina tarehe ya mwisho, mwaka wake mnaweza kumsomea. Likizo ya wiki tatu haigusi kibali wala ombi. Kuhusu hofu ya barua, mpe mtu unayemwamini ufunguo wa sanduku akupigie picha kila inayokuja, na wakitaka karatasi ukiwa safarini unaandika kuomba muda zaidi, ni jambo la kawaida kwao. Hiyo safari usiniambie utaifanya baada ya uraia.

Mwezi ujao uko karibu, kwa hiyo ningekuwa wewe wiki hii ningeenda kwa hao wa ushauri wa bure na namba ya faili mkononi, na ningewaandikia Leipzig kuuliza kama tarehe inasogea, kuuliza sio kukubali. Baada ya hapo unaweza ukaamua kubaki na nikakuelewa, au kuhama na nikakuelewa vilevile, wewe ndo utakayeishi hayo maisha.

Na pasipoti kareneu mwanangu, anza leo. Mpaka siku utakayokabidhiwa ile karatasi ya uraia mkononi wewe ni Mtanzania asilimia mia, na kibali cha kudumu kwenye pasipoti iliyoisha kitakusumbua uwanja wa ndege kuliko faini ya mwendo kasi. Fomu inaanzia mtandaoni kwa Uhamiaji, alama za vidole na mengine ubalozini Berlin. Ukienda, beba nakala ya kitambulisho cha NIDA.